Kurejesha nakala rudufu (Linux)

Kurejesha nakala rudufu ni kurudisha mafaili na mipangilio ya mtumiaji baada ya mfumo wa uendeshaji wa kompyuta kusakinishwa upya.

Katika Linux vitu hivyo hukaa ndani ya folda ya kila mtumiaji iliyoko /home. Picha na nyaraka huonekana wazi, lakini mipangilio mingi imo katika mafaili yaliyofichwa, ambayo majina yake huanza na nukta, kama .config na .ssh. Anayenakili anachokiona tu huacha nyuma funguo zake za SSH, na diski ikishafutwa hawezi tena kuingia kwenye seva zinazomtambua kwa funguo hizo pekee.

Umiliki nao husumbua. Linux humtambua mwenye faili kwa namba, si kwa jina. Kwenye Ubuntu mtumiaji wa kwanza hupewa 1000. Watumiaji wawili wakisajiliwa upya kwa mpangilio tofauti, mafaili ya mmoja yaweza kuangukia kwa mwenzake, hadi yarekebishwe kwa amri ya chown.

Programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996, hutunza ruhusa na tarehe ikipewa chaguo la -a. Hata hivyo, diski ya nje yenye muundo wa FAT32 haihifadhi umiliki wala ruhusa, na SSH hukataa ufunguo wa siri unaoweza kusomwa na watumiaji wengine.