Arita, mji wa kaure, na siri ya mafundi wake

Wengi wetu tumekwisha kushika mkononi kikombe kile cheupe chembamba ambacho ukikigonga kwa ukucha kinalia kama kengele ndogo, na ukikiinua mbele ya taa unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Si chombo cha udongo kama vile mama zetu wanavyofinyanga, wala si kioo. Wafaransa wanakiita porcelaine; sisi tutatumia neno la Waswahili wa pwani, yaani kaure.

Katika kisiwa cha Kyushu, upande wa kusini-magharibi wa Japani, kuna mji mdogo jina lake Arita, katika jimbo la Saga. Wakazi wake ni wapata 19,000 tu. Mji wa zamani umebanwa katika bonde jembamba katikati ya vilima, hata njia yake kuu ni kama kamba ndefu, na nyumba zimepangwa huku na huku. Walakini kwa muda wa miaka mia nne mji huu umeishi kwa kazi ya kaure, na sahani zake zilifika mezani pa wafalme wa Ulaya mbele ya Wazungu wenyewe kujua namna ya kuzifanya. Tunataka kueleza ujuzi huu ulifika pale kwa njia gani, ulifungwa vipi kuwa siri, na tena ulitokaje. Maana walioanza kazi hii hawakuja kwa kupenda kwao.

Wachina walijua kufanya kaure tangu zamani sana, na Wakorea walijifunza kwao. Wajapani walipenda mno vyombo hivi, lakini walipaswa kuvinunua ng'ambo. Mwishoni mwa karne ya 16 mtawala wa Japani alikuwa Toyotomi Hideyoshi. Wasomaji wetu wanamfahamu kwa habari nyingine: ndiye aliyeamuru wafia-dini 26, Mtakatifu Paulo Miki na wenzake, wasulubiwe katika Nagasaki tarehe 5 Februari 1597. Mwaka ule ule alipeleka majeshi kuvamia Korea mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1592. Alipokufa mwaka 1598 majeshi yakarudi, lakini hayakurudi mikono mitupu. Mabwana wa Kyushu walikuwa wamewakamata wafinyanzi wa Korea pamoja na wake na watoto, wakawavusha bahari. Ndiyo maana Wajapani wenyewe wamezoea kuviita vita vile «vita vya vyungu».

Kati ya mateka hao alikuwamo mtu jina lake Yi Sam-pyeong, aliyeletwa na watu wa Nabeshima Naoshige, bwana wa nchi ya Saga. Alikaa kwanza mahali paitwapo Taku akifanya kazi, lakini udongo wa pale haukumfaa. Akaanza kuzungukazunguka vilima na mabonde akitafuta. Masimulizi ya Arita yanasema kwamba katika mwaka 1616 alifika mahali paitwapo Izumiyama, akakuta mlima ambao mawe yake, ukiyasaga, yanatoa unga mweupe wa kaure. Wataalamu waliochimbua matanuru ya zamani wanasema kwamba mambo hayakuwa mepesi hivi: upande wa magharibi wa bonde wamekuta vipande vya kaure vilivyogandamana na vyombo vya udongo vya kawaida, maana vilichomwa pamoja katika tanuru moja. Basi inaonekana Wakorea wengine pia walikuwa wakijaribu wakati ule ule. Sisi hatuoni ubaya wa watu wa Arita kumheshimu mmoja kwa niaba ya wote, mradi wale wengine wasisahauliwe.

Na mmoja wa wengine hao alikuwa mama mjane. Mume wake, mfinyanzi Mkorea katika nchi ya Takeo iliyo karibu, alikufa mwaka 1618. Mama huyu hakukubali jamaa yao itawanyike. Aliomba ruhusa, akawachukua Wakorea wapata 900, akahamia nao Arita penye mawe meupe, akawa kama mama mkubwa wa kazi yao. Alikufa mwaka 1656 akiwa na miaka 96. Wanamwita Hyakubasen, jina la heshima, kama kusema Bibi wa Miaka Mia.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe, maana ndiyo inayotufanya tuelewe kwa nini siri hii ilikuwa na thamani. Jiwe la Izumiyama ni gumu. Ili kulisaga, watu wa Arita walitumia nguvu ya kijito. Walichukua gogo refu, wakalitegemeza katikati. Ncha moja ilikuwa na mchi, ncha ya pili ilichongwa kama mtumbwi mdogo wa kupokea maji. Mtumbwi ukijaa unashuka, mchi unainuka. Maji yanamwagika, mchi unaanguka juu ya mawe. Hivi mchana na usiku, bila mtu. Mama anayetwanga mihogo kwa mikono yake atajua mara moja uzuri wa chombo hiki!

Unga unatiwa katika maji ili mchanga ukae chini na ulio laini ubaki. Tope linakaushwa kidogo, linakandwa, kisha linawekwa juu ya gurudumu la mfinyanzi. Chombo kikikauka kinachomwa kwa moto mdogo, karibu digri 900. Kisha unafika wakati wa kuchora. Rangi ya buluu ya Arita inatoka katika kobalti, madini ambayo watu wa Kolwezi na Likasi hawahitaji kuelezwa. Mchoraji anapoitia kwa brashi haionekani buluu, bali ni nyeusi-nyeusi yenye kufifia. Anachora kitu ambacho hakioni bado. Kazi ya kujaza rangi katikati ya mistari kwa brashi nene ilikuwa tangu zamani kazi ya wanawake. Nyuma ya hapo chombo chote kinachovywa katika maji mazito ya unga wa mawe na majivu ya mti uitwao isu, nayo yakipita motoni yanageuka ngozi ya kioo.

Hapo ndipo penye shida kubwa. Kaure inataka moto wa digri karibu 1300. Wakorea walijenga matanuru marefu yanayopanda kilima, chumba juu ya chumba, hata moto wa chumba cha chini uwe unapasha kile cha juu yake. Walitumia kuni za msonobari. Katika moto huo chombo kinasinyaa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na kama kuna kosa lo lote katika unga, au katika kukausha, au katika kupanga, kinapasuka au kinapinda. Tena mlinzi wa moto hawezi kufungua mlango atazame. Kazi ya miezi ya watu wengi inakaa ndani, naye anahukumu kwa rangi ya mwako tu. Mtu hajifunzi jambo hili kwa kuambiwa. Anajifunza kwa kukaa karibu na mzee miaka na miaka.

Kuni zenyewe zilileta ugomvi. Wajapani wengi walikuwa wamekimbilia kazi hii mpya yenye faida, na vilima vikabaki vipara. Mwaka 1637 serikali ya Nabeshima ikatoa amri: Wajapani 826, wanaume na wanawake, wafukuzwe katika kazi, matanuru yapunguzwe yawe 13 tu, wabaki Wakorea na wale waliofungamana nao tangu zamani. Tuangalie vizuri amri hii. Wale walioletwa kama mateka ndio waliobakizwa, na wenyeji ndio waliotolewa! Lakini tusidhani kwamba ilikuwa kwa huruma. Mabwana walikuwa wametambua kwamba vilima hivi vina mali, na mali hiyo imo katika mikono ya watu fulani. Tangu hapo mafundi walilindwa, na kulindwa huko kulikuwa pia kufungwa, siri ya kazi isivuke mipaka. Vyombo bora kabisa vya bwana mwenyewe vilifanywa baadaye katika Okawachi, bonde lililozungukwa na majabali, penye njia moja na kituo cha walinzi.

Karibu na mwaka 1647 siri nyingine iliongezwa juu ya ile ya kwanza. Fundi Sakaida Kakiemon alifaulu kutia rangi juu ya ngozi ya kioo, nyekundu hasa, na kuchoma tena kwa moto mdogo. Habari za jamaa yake zinasema kwamba ujuzi ulitoka kwa Mchina mmoja wa Nagasaki kwa njia ya mfanyabiashara wa Imari. Jina Kakiemon linakumbusha tunda jekundu liitwalo kaki. Watiaji wa rangi walipewa mtaa wao peke yao, nyumba chache zilizohesabiwa, na kanuni za kuchanganya rangi baba alimwachia mrithi mmoja tu.

Wakati huo China ilikuwa katika vita, maana ufalme wa Ming ulianguka mwaka 1644, na biashara ya kaure yake ikalegea. Waholanzi wakatafuta mahali pengine. Wao ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kukaa Japani, wakifungiwa katika kisiwa kidogo cha Dejima, ndani ya bandari ya Nagasaki. Mwaka 1650 walinunua vipande 145 tu, kisha vikopo vya dawa kwa duka la dawa la Batavia, mji uitwao leo Jakarta. Mwaka 1659 waliagiza zaidi ya vipande 50,000. Vyombo vilichukuliwa kwanza hata bandari ya Imari, kilomita kama 12 kutoka Arita, kisha vikapakiwa katika mashua. Kwa sababu hiyo wanunuzi waliviita Imari, na hata leo katika majumba ya kuhifadhi vitu vya kale huko Ulaya utasoma Imari chini ya kazi za Arita. Wafanya kazi walipoteza hata jina la kijiji chao.

Katika Saksonia, nchi ya Ujerumani, mtawala Augusto alipenda kaure ya Wajapani kama mgonjwa anavyopenda maji. Alimfungia mtu mmoja, Johann Friedrich Böttger, ili amtafutie siri. Ikapatikana, na mwaka 1710 kazi ikaanzishwa katika Meissen, ndani ya ngome. Mafundi wa pale waliiga maua na ndege wa Kakiemon. Basi mashariki na magharibi, njia ya mabwana ilikuwa ile ile: kumfungia mwenye kujua. Walakini siri haikukaa. Katika miaka michache tu mafundi walitoroka Meissen wakaenda kuiuza Vienna.

Hapa ndugu mapadri watatusamehe tukikumbusha Mjesuiti mmoja Mfaransa, Padri François-Xavier d'Entrecolles. Alikaa China katika mji wa kaure, Jingdezhen, na katika barua mbili, ya mwaka 1712 na ya mwaka 1722, alieleza kazi yote hatua kwa hatua. Sehemu ya habari hizo aliipata kwa Wakristu wake waliokuwa wafanya kazi wa matanuru. Mafundi wa Ulaya walizisoma sana. Hakuiba kitu usiku. Aliwasikiliza watu aliowafundisha.

China ilipopata amani, kaure yake ikarudi sokoni kwa bei ndogo, na Arita ikashindwa. Katika karne ya 18 biashara ya Waholanzi ilififia. Mwaka 1828 tufani na moto viliangamiza karibu mji wote. Kisha mwaka 1870 akafika mtaalamu Mjerumani, Gottfried Wagener, akawafundisha kutumia kobalti ya Ulaya na makaa ya mawe. Mwaka uliofuata nchi za mabwana zilifutwa, na vizuizi vyao vikafutika: ye yote alikuwa huru kufinyanga. Zile siri zilizolindwa kwa walinzi na kwa amri sasa zilifundishwa wazi.

Lakini kuna siri moja ambayo hakuna aliyeiiba, nayo ilipotea. Nyumba ya Kakiemon ilikuwa na kaure nyeupe ya namna ya pekee, iitwayo nigoshide, yenye weupe kama maji yaliyooshea mchele, ambayo juu yake rangi nyekundu inapendeza kuliko juu ya weupe mwingine wo wote. Ni ngumu sana kuichoma, vyombo vingi vinaharibika, na katika karne ya 18 wakaiacha. Jina la Kakiemon likapokewa na mwana baada ya baba, rangi zikaendelea, lakini weupe ule hakuna aliyeujua tena. Kakiemon wa 12 na mwanawe, wa 13, walijaribu tena na tena kuchanganya mawe na kuchoma, hata mwaka 1953 wakaupata. Mwaka 1971 serikali ya Japani iliuweka ujuzi huo katika mali za taifa. Leo kazi iko mkononi mwa Kakiemon wa 15, aliyepokea jina mwaka 2014.

Kila mwaka, tangu 29 Aprili hata 5 Mei, njia ile nyembamba ya Arita inajaa meza za kuuzia, na wageni wanaokuja wanapita milioni. Siku nyingine mji ni kimya, maana tangu miaka ya 1990 mauzo yamepungua sana. Juu ya kilima kuna hekalu la Kishinto lenye lango la kaure lililosimamishwa mwaka 1888. Ndani wanaheshimiwa pamoja bwana Nabeshima na Yi Sam-pyeong, yule aliyekamata na yule aliyekamatwa. Juu zaidi kuna nguzo ya mawe iliyojengwa kwa ajili ya Yi mwaka 1917, nyuma ya miaka mia tatu.

Na Izumiyama? Mlima haupo. Watu waliukata na kuusaga, sahani kwa sahani, hata pakabaki shimo pana lenye kuta nyeupe na za manjano. Siku hizi mawe mengi yanatoka Amakusa, visiwa vya jimbo la Kumamoto, ambayo ni meupe zaidi na mepesi kutumia. Katika vichochoro vya mji utaona kuta zilizojengwa kwa matofali ya matanuru yaliyobomolewa. Ukipitisha mkono juu yake unagusa ngozi ya kioo iliyodondoka pale wakati wa kuchoma.