Farasi wa Sultani na Njia ya Uluguru

Mwezi Machi mwaka 1871, Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliondoka Bagamoyo kwenda bara kumtafuta Dakta Livingstone. Katika msafara wake walikuwamo farasi wawili. Mmoja, wa kijivu na wa asili ya Arabuni, alikuwa zawadi ya Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja. Wa pili alipewa na mfanyabiashara wa Kimarekani aliyekuwa akikaa hapa hapa mjini kwetu. Wote wawili walikufa mahali paitwapo Kingaru, mmoja baada ya mwenziwe, hata siku mbili hazikupita kati yao. Stanley aliamuru yule wa Sultani apasuliwe, na tumboni mwake wakakutwa minyoo tele. Kisha mzoga ukazikwa ardhini, karibu na kambi.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi. Mkuu wa kijiji kile alikuja na wenzake kudai faini ya nguo, kwa sababu mgeni amemzika mnyama katika ardhi yao bila ya kuomba ruhusa. Stanley akajibu kwamba ikiwa kosa ni kuzika, basi atamfukua farasi wake na kumwacha juu ya ardhi kama alivyokufa. Mkuu akaona ni heri yaishe. Katika kitabu chake Stanley alilisimulia jambo hilo kwa kejeli, na wasomaji wake wa Ulaya na Marekani bila shaka walicheka. Sisi tunaokaa katika nchi hizi hatuna haja ya kucheka, maana mkuu yule aliuliza swali ambalo mpaka leo halijapata jibu zuri: nani anaulizwa kabla mnyama wa mgeni hajatia ukwato katika ardhi ya mtu?

Stanley aliendelea na safari bila ya farasi wale, akaupita mji wenye boma la mawe wa Simbamwene, binti wa Kisabengo, chini ya milima ya Uluguru. Mahali hapo ndipo ulipo leo mji wa Morogoro.

Tumeyakumbuka haya kwa kuwa twataka kuzungumza juu ya safari ya farasi katika milima hiyo. Sisi wa visiwani farasi si mgeni kwetu. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 ameeleza jinsi watoto wa nyumba yao walivyofunzwa kupanda farasi tangu wangali wadogo. Leo watalii hupanda farasi ufukweni kaskazini ya Unguja, na wengi wao wakimaliza pwani huvuka kwenda bara kutazama wanyama. Tangu mwezi Juni mwaka 2024 treni ya umeme imekuwa ikitoka Dar es Salaam na kufika Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili au karibu na hapo. Msafiri anayekunywa chai ya asubuhi Forodhani aweza kulala chini ya mlima usiku ule ule. Kwa hiyo wazo la kuwapandisha wageni Uluguru kwa farasi si ndoto. Lakini lataka kupangwa, na kupanga kwenyewe si kununua matandiko na kuchapisha picha nzuri.

Tuanze na maradhi, kwani ndiyo yaliyoiweka bara bila ya farasi kwa karne nyingi. Adui mkuu ni mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, aletaye nagana. Huyu hukaa katika miombo na vichaka vya mabondeni, na nyika za Mikumi anazijua vyema. Baridi ya mlimani haipendi, kwa hiyo farasi akiwa juu Uluguru huwa na nafuu. Hatari yake iko njiani na malishoni chini. Msomaji wa Unguja ataikumbuka habari ya mbung'o kwa namna ya pekee. Kati ya mwaka 1994 na 1997 madume zaidi ya milioni 8, waliolelewa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi, walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa chetu. Majike waliopandana nao hawakuzaa. Mbung'o wa mwisho alionekana mwaka 1996, na tangu hapo kisiwa kimesafika. Ni kazi kubwa iliyofanywa kwa pamoja na Serikali zetu na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na ng'ombe wetu wa maziwa ni mashahidi wake.

Basi hapa pana jambo ambalo maofisa wa mifugo wa pande zote mbili yafaa walitazame kabla ya mtu yeyote kupewa leseni. Itamjia mfanyabiashara tamaa ya kutumia farasi wale wale: msimu wa wageni ufukweni awe nao Unguja, na msimu wa mlima awavushe Morogoro. Hesabu yake ya fedha itakuwa sawa. Lakini farasi akirudi ana nini damuni mwake? Kisiwa kilichotakaswa kwa miaka na fedha nyingi kisifanywe banda la kupumzikia wanyama watokao kwenye mbung'o. Rai yetu ni kwamba farasi wa Uluguru wakae Uluguru, na wa Unguja wakae Unguja.

Yako pia maradhi mengine, ya farasi peke yao, yaenezwayo na visubi wadogo warukao tangu jua linapotua hata linapochomoza. Punda milia hubeba virusi vyake bila ya kuugua, na Mikumi imejaa punda milia. Chanjo ipo, na ni lazima itolewe mapema kabla ya mvua. Lakini dawa iliyo rahisi kuliko zote ni saa: farasi atoke bandani jua likiwa limekwisha panda na arejee kabla ya magharibi. Yeyote anayewaahidi wageni safari ya mbalamwezi juu ya farasi, huyo hajauliza kwa daktari wa mifugo. Na kuuliza Morogoro si kazi. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiko pale pale tangu mwaka 1984, na madaktari wengi wa mifugo wa nchi hii wamesomea hapo. Mji ulioweza kuwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu hautashindwa kumtibu farasi kwato.

Sasa njia. Milima ya Uluguru inapanda zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na misitu yake ni sehemu ya lile tao la milima ya kale ya mashariki yenye viumbe wasioonekana penginepo duniani. Mwaka 2008 misitu hiyo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, yenye ukubwa wa hekta zipatazo 24,000. Kutoka humo hutiririka vijito vinavyoujaza Mto Ruvu, na Ruvu ndio uinyweshao Dar es Salaam. Mtu wa Kariakoo anapofungua bomba hawafikirii Waluguru, lakini maji yametoka kwao.

Udongo wa huko ni mwepesi kuponyoka. Mwezi Februari mwaka 1970 mvua kubwa ya saa chache tu ilisababisha maporomoko zaidi ya 1,000 katika eneo la Mgeta. Wataalamu waliochunguza waliona kwamba mengi yalianza katika mashamba na malisho, na machache sana chini ya miti. Farasi wa kawaida ana uzito wa kilo 400 au zaidi. Mwongeze mpandaji na tandiko, kisha uzito wote huo uukalishe juu ya kwato nne zilizopigiliwa chuma. Akipita mara kumi kwenye njia ya miguu iteremkayo moja kwa moja, njia hugeuka mfereji, na mvua ya masika humalizia kazi. Kwa hiyo njia ya farasi haina budi kuzunguka ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo, iwe na vikingamaji kila baada ya hatua kadhaa, na ifungwe kabisa tangu Machi mpaka Mei. Kuanzia Juni hata Septemba ndio wakati wake.

Na isiingie msituni. Hapa wapo watakaotubishia, maana mgeni hulipa ili auone msitu. Lakini kinyesi cha farasi hubeba mbegu za majani ya nyika, na mbegu hizo zikiota ndani ya msitu wa asili hazing'oki kwa urahisi. Barabara ya kwenda Morningside, kwenye jengo la kale la Wajerumani, yatosha kwa farasi. Hapo tayari umepanda mita zipatazo 800 kutoka mjini, na mji wote umelala chini yako. Atakaye kwenda mbele, kuelekea Bondwa, ashuke, farasi afungwe kivulini na apewe maji, naye aende kwa miguu yake pamoja na mwongozaji mwenyeji. Ndege wa Uluguru hawapendi kishindo; aendaye kwa miguu atawaona wengi zaidi.

Tumebakisha lililo gumu kuliko yote. Njia za Uluguru hupita katikati ya mashamba, na ardhi ya Waluguru ni ya koo, hurithiwa kwa upande wa mama. Wakati wa ukoloni Serikali ya Waingereza ilikuja na mpango wa kuokoa udongo wa milima hiyo, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Nia ya kuokoa udongo haikuwa mbaya. Lakini hawakuulizwa wenyewe, na matuta yale yaliwatwisha kazi nzito ambayo aghalabu haikuzaa chakula zaidi. Mwaka 1955 zikazuka ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Wazee wa Matombo hawajaisahau habari hiyo. Ofisa atakayepanda leo na ramani ya njia ya farasi iliyokwisha chorwa mjini, akawaita wananchi mkutanoni ili wapige makofi, asishangae makofi yakikosekana.

Sheria zipo. Ardhi ya kijiji ina sheria yake ya mwaka 1999, na mkutano mkuu wa kijiji si pambo. Msitu una sheria yake ya mwaka 2002, na Wakala wa Huduma za Misitu ndio watoao kibali cha kuingia hifadhini. Hata farasi mwenyewe analindwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, wala hatakiwi kubebeshwa zaidi ya uwezo wake. Desturi ya wajuzi ni kwamba asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kinachotakiwa ni maofisa wa idara hizo kukaa meza moja pamoja na wenyeviti wa vijiji, na kuandika mapema ni fungu gani la nauli ya mgeni litabaki kijijini, na litalipwa siku gani.

Ethiopia yatufaa kwa mfano. Katika hifadhi ya milima ya Simien mgeni hapandi mnyama wa kampuni iliyotoka mbali. Hukodishiwa baghala, yule mzao wa punda na farasi, na wenyeji walio na wanyama wao. Baghala ana miguu ya uhakika milimani kuliko farasi. Huenda Morogoro ikaona kwamba huyo ndiye amfaaye, hata kama picha yake haitapendeza sana katika vitabu vya matangazo.

Tungependa kuona jambo hili likianza kwa udogo: wanyama sita, msimu mmoja wa kiangazi, daktari wa mifugo akiwakagua kila juma, na vijana wa vijiji vya njiani wakifunzwa usaisi kwa mshahara. Msimu ukiisha, njia ipimwe upya kama imechimbika, na vijiji viulizwe kama vinataka mwaka wa pili. Na liko sharti moja tungeomba liandikwe katika kibali chenyewe kwa herufi zisomekazo: mwanamke ateremkaye sokoni na kapu la kabichi kichwani akikutana na msafara mahali pembamba, farasi ndio watakaosimama, na yeye atapita kwanza.