Réti alivyompitia bingwa pembeni

Mkazi wa Upanga anayekwenda Kariakoo jioni hajitumbukizi kwenye foleni ya Fire akiwa na akili zake timamu. Hupenya vichochoroni akatokezea anapotaka. Kwenye sataranji, wanaoanza hufundishwa kinyume chake: sukuma askari aliye mbele ya mfalme au malkia, kamata vyumba vinne vya katikati, mengine baadaye. Ni mafunzo mazuri. Lakini Machi 1924, kwenye mashindano mjini New York, mchezaji Richard Réti alionyesha kuwa katikati panaweza kutawaliwa na mtu asiyekaa hapo.

Mpinzani wake alikuwa José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia, ambaye tangu 1916 hakuwa amefungwa na yeyote. Réti alifungua na farasi, akafuatia na askari wa upande wa malkia. Kufikia hatua ya 7, maaskofu wake wawili walikuwa wamejibanza pembezoni, wakichungulia katikati kwa mshazari, huku askari wake wa mbele ya mfalme na malkia bado hawajainua mguu. Capablanca akachukua nafasi aliyoachiwa. Watazamaji wa drafti pale Kariakoo, ambao hawana subira na mchezaji wa namna hii, wangeshapiga kelele kwamba jamaa anaogopa.

Alikuwa anasubiri. Hatua ya 16 akamsukuma askari hadi chumba cha d4, na katikati pakafumuka. Kete zikalana, na Capablanca, mtu aliyesifika kwa kutokosea, akamla askari wa c4 kwa malkia. Mlo wa gharama! Réti akamla askofu aliyekuwa akimlinda mfalme mweusi, akampeleka malkia b2 kumtishia mfalme, na hatua iliyofuata ngome yake ikamla askari wa d6. Kuanzia hapo malkia mweusi akawa mtu wa kuhamahama: c5, h5, e5, kisha c5 tena. Hatua ya 31 ngome ya pili ya Réti ikatua d5, na bingwa akakubali kushindwa.

Hakuna malkia aliyetolewa kafara wala mfalme aliyekimbizwa ubao mzima. Kwangu, hapo ndipo utamu wake ulipo.

Capablanca hakupoteza mchezo mwingine kwenye mashindano yale, ila alimaliza wa pili. Réti alikuwa wa tano. Ushindi aliubeba Emanuel Lasker, mzee wa miaka 55 ambaye Capablanca alimvua ubingwa mwaka 1921.