Waasi wa Maziwa Makuu: Kwa nini kukamatwa si kukabidhiwa

Na Mwandishi Wetu

KUKAMATWA kwa kiongozi wa waasi katika nchi jirani hupokewa kwa shangwe na wale waliochomewa nyumba na kuuliwa ndugu zao. Hata hivyo, yaliyotokea katika ukanda wa Maziwa Makuu tangu mwaka 2009 yanaonyesha kuwa kati ya pingu na kizimba kuna safari ndefu, na si kila mtuhumiwa huimaliza.

Kiongozi mmoja alikabidhiwa kupitia mahakama ya Dar es Salaam katika muda wa miezi michache. Mwingine alivushwa mpaka na wanajeshi. Wawili wengine hawakukabidhiwa kabisa, na mmoja wao alirejea vitani.

Kisheria, nchi inayomtaka mtuhumiwa hupeleka maombi rasmi yakiambatana na hati ya kukamatwa na maelezo ya ushahidi. Hakimu wa nchi alikokamatwa haamui kama mtu huyo ana hatia. Kazi yake ni kuridhika kuwa aliye mbele yake ndiye anayetafutwa, kwamba kitendo anachotuhumiwa nacho ni kosa katika nchi zote mbili, na kwamba kosa hilo si la kisiasa.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye utata, kwani hakuna mwasi asiyedai kuwa anapigania siasa. Tafsiri iliyozoeleka siku hizi ni kwamba kuua raia, kuteka watoto au kuchoma shule hakuwezi kujificha nyuma ya neno siasa.

Hata hakimu akisharidhika, katika nchi nyingi neno la mwisho hubaki kwa waziri mwenye dhamana. Hapo ndipo sheria hukutana na uhusiano wa nchi na nchi.

Mfano wa njia ya mahakama ni Jamil Mukulu, kiongozi wa kundi la ADF la Uganda, ambalo kwa miaka mingi lilijichimbia mashariki mwa Congo. Kundi hilo ndilo linalobebeshwa lawama za shambulio la Juni 1998 katika chuo cha ufundi cha Kichwamba, magharibi mwa Uganda, ambako wanafunzi wapatao 80 waliteketezwa kwa moto.

Mukulu alikamatwa nchini Tanzania Aprili 2015. Uganda iliwasilisha maombi, shauri likasikilizwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, na Julai mwaka huo huo akarejeshwa Uganda kukabiliana na mashitaka yakiwamo ya ugaidi na mauaji. Tanzania na Uganda hazikuwa na ugomvi juu yake, na hakuna kati yao iliyokuwa na faida ya kumficha.

Njia ya pili ni ya kijeshi. Desemba 2008 majeshi ya Uganda, Congo na Sudan Kusini yalianzisha operesheni ya pamoja dhidi ya kundi la LRA la Joseph Kony katika eneo la Garamba, Congo. Machi 2009 kamanda wa LRA, Thomas Kwoyelo, alikamatwa huko na wanajeshi wa Uganda na kupelekwa kwao. Kwa kuwa jeshi la Uganda lilikuwa ndani ya Congo kwa ridhaa ya wenyeji, hapakuwa na shauri la kumkabidhi.

Njia ya tatu ni pale kiongozi wa waasi anapogeuka karata ya kisiasa. Januari 2009 Rwanda na Congo, zilizokuwa zikituhumiana kwa miaka mingi, zilianzisha operesheni ya pamoja iliyoitwa Umoja Wetu dhidi ya waasi wa FDLR. Siku chache baada ya operesheni kuanza, Rwanda ilimkamata Laurent Nkunda, kiongozi wa CNDP aliyekuwa akiisumbua serikali ya Kinshasa katika Kivu Kaskazini.

Congo ilimtaka. Rwanda, iliyofuta adhabu ya kifo mwaka 2007, ilijibu kuwa haiwezi kumpeleka mtu katika nchi ambayo sheria zake bado zina adhabu hiyo. Hoja hiyo ina uzito kisheria, lakini matokeo yake ni kwamba Nkunda hakukabidhiwa Kinshasa wala hakuhukumiwa Kigali kwa yale anayotuhumiwa kuyatenda Kivu.

Miaka minne baadaye jambo linalofanana na hilo lilijirudia. Novemba 2013 Sultani Makenga, kamanda wa M23, alishindwa vita na kukimbilia Uganda. Congo ilimtaka, Uganda haikumtoa. Kufikia mwaka 2017 alikuwa ameshaondoka. Mwishoni mwa 2021 M23 iliibuka upya, yeye akiwa kamanda wake, na Januari 2025 ikauteka mji wa Goma. Maelfu kwa maelfu ya wakazi walikimbia tena.

Si kwamba mikataba haipo. Mkataba wa Usalama, Utulivu na Maendeleo wa Maziwa Makuu, uliotiwa saini Nairobi Desemba 2006, una itifaki ya ushirikiano wa kimahakama. Aidha, katika makubaliano ya Addis Ababa ya Februari 2013, nchi za ukanda huu ziliahidi kutowahifadhi watuhumiwa wa uhalifu wa kivita. Makenga alivuka mpaka miezi tisa tu baada ya ahadi hiyo.

Kwa upande mwingine, majirani kuelewana kupita kiasi nako kuna hatari zake. Novemba 2024 Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda ambaye haongozi jeshi lolote la msituni, alitoweka Nairobi na siku chache baadaye akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Hakuna hakimu wa Kenya aliyeulizwa. Mlango unaofunguliwa kwa mwasi pasipo mahakama unaweza kumpitisha mtu yeyote.

Na hata mtuhumiwa akishafika, haki huenda kwa mwendo wa kobe. Kwoyelo, aliyekamatwa mwaka 2009, alitiwa hatiani Agosti 2024 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 40 Oktoba mwaka huo. Kesi ya Mukulu ilikuwa bado katika hatua za awali mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kurejeshwa.

Wakati huo wote ADF haikunyamaza. Chini ya uongozi mpya iliendelea kuua raia katika eneo la Beni, na Desemba 2017 walinda amani wapatao 15 wa Tanzania waliuawa Semuliki katika shambulio ambalo Umoja wa Mataifa ulilihusisha na kundi hilo. Juni 2023 ilishambulia shule ya Mpondwe, Uganda, na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi.

Kwa hiyo kumkabidhi kiongozi hakumalizi uasi peke yake. Lakini kutomkabidhi, kama Goma ilivyoshuhudia, kunaweza kuwa ni kumtunzia nafasi ya kurudi. Kiongozi mwingine wa waasi atakapokamatwa ng'ambo ya mpaka, jambo la kuuliza ni lini atapelekwa mbele ya hakimu, na ni nani anayenufaika asipopelekwa.