Ligi Ndogo Hupotezwa Stejini, Si Kiwanjani

Kila nikirudi Mombasa likizo, jamaa huniuliza: "Huko Lodwar kuna mpira kweli?" Upo. Nina duka Kanamkemer, wadi iliyo hapa hapa Lodwar, na msimu uliopita vijana wa mtaa walinipa uhazini wa timu yao. Leo nataka kueleza ligi za chini zinavyokwenda, maana kilichotupata sisi chaweza kuwapata mabarobaro wa Likoni, Msambweni au Lamu.

Tuanze na ngazi. Juu kabisa ya soka ya Kenya kuna Ligi Kuu yenye timu 18. Chini yake ni Ligi ya Supa, kisha Daraja la Kwanza, halafu Daraja la Pili. Chini ya hapo ndiko waliko wengi: ligi za kaunti na za kaunti ndogo. Huku hakuna mshahara wala kamera. Kipa wetu ni bodaboda, na mshambuliaji wetu bado yuko shule.

Ligi yetu ilikuwa na timu 8, kila moja ikicheza mechi 14, nyumbani na ugenini. Ushindi ni alama 3, sare alama 1. Bingwa peke yake ndiye hupanda. Wa pili hubaki palepale. Hesabu ya karatasi ni nyepesi. Hesabu ya barabara ndiyo inayoua timu.

Turkana ni zaidi ya mara tatu ya Mombasa, Kwale na Kilifi zikiunganishwa. Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, sawa na Mombasa hadi Malindi, na hiyo ni mechi moja tu. Wenzetu wa kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992, wana mzigo zaidi: mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri. Wala si timu za kudharau. Awer Mabil alizaliwa kambini humo 1995, akahamia Australia utotoni, na mwaka 2022 alikuwa katika kikosi cha nchi hiyo cha Kombe la Dunia.

Timu isipofika kiwanjani, mpinzani hupewa ushindi wa mezani: alama 3 na mabao 2. Ukirudia kosa, waweza kuondolewa ligini. Hata wakubwa yamewafika. Sony Sugar, mabingwa wa Ligi Kuu 2006, waliondolewa mwaka 2019 baada ya kukosa mechi tatu, udhamini ulipokauka. Sembuse sisi ambao mali yetu ni mipira miwili?

Sasa yetu. Mwanzo wa msimu tulichanga shilingi 31,000. Mimi ndiye niliyeshauri tununue jezi. Nilizichagua mwenyewe Mombasa, za buluu, nambari mgongoni, nikatoa 22,000 kwa fahari. Zikabaki 9,000. Kila mechi ya nyumbani tulilipa marefa, kila ya ugenini tulichangishana. Ilipofika safari ya Kakuma, mechi ya 12, koponi mlikuwa na 4,350. Gari la kukodi lilitaka 14,000.

Jumamosi alfajiri nahodha alinijia stejini. "Mzee, dereva anasema bila kumi na nne hawashi gari."

Nilipiga simu huku na huku. Waliopokea hawakuwa nazo. Jua likapanda, vijana wamekaa juu ya mawe na jezi zao mpya. Hatukwenda.

Msimu ulipokwisha, timu ile ya Kakuma ilikuwa na alama 29, sisi 27. Piga hesabu: hata sare siku ile ingewaacha wao na 27 na sisi tukapata 28. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Nahodha alikuja dukani kununua sukari, akalipa, akaenda zake.

Funzo langu ni hili: kabla ya kununua chochote, hesabu safari za ugenini, utenge nauli. Wapangaji wa ratiba nao wakiweka mechi mbili za upande mmoja, Jumamosi na Jumapili, safari mbili zinakuwa moja. Timu ya Lamu inayovuka kwa boti hadi Mokowe kabla hata ya kupanda gari itanielewa. Na mheshimiwa anayependa kupigwa picha akikabidhi jezi na kombe, namwomba safari hii atoe dizeli.

Msimu huu kopo la nauli liko peke yake, na halifunguliwi kwa jambo jingine. Jezi ni zile zile, zimepauka kwa jua. Mechi yetu ya kwanza ya ugenini ni Jumamosi, Kakuma. Gari limeshalipwa.