Kompyuta ya Gemu kwa Laki Sita

Kijana akinijia na laki sita mfukoni, akitaka kompyuta ya kuchezea gemu, simrudishi nyumbani akaongeze hela. Laki sita zinatosha. Zinatosha kucheza GTA V bila kukwamakwama, zinatosha Valorant, Rocket League na Dota 2. Sharti langu ni kwamba asiingie dukani kununua jina la kadi au urembo wa kesi. Anunue kwa kuangalia wati, ukubwa wa kesi na kioo atakachochezea.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Dar es Salaam. Kazi ya karibuni ya aina hii nimeifanya na mpwa wangu, mtoto wa dada, kijana aliyemaliza kidato cha sita na anayejifunza kuhariri video. Alikuwa amejidunduliza muda mrefu, na macho yake yalikuwa yameshatekwa na kesi yenye kioo ubavuni na taa za rangi zote. Kesi hiyo peke yake, tupu, ingekula sehemu kubwa ya akiba yake. "Mjomba," nilimwambia, "taa hazichezi gemu. Hela yote iende kwenye vitu vitatu: prosesa, kadi ya picha na diski."

Anza na mtumba wa ofisini

Kununua kila kipande kikiwa kipya, kuanzia mazabodi hadi kesi, ni njia nzuri kwa mwenye fedha. Kwa mwenye laki sita, msingi ni deskitopu iliyostaafishwa ofisini. Kampuni na taasisi za Ulaya na Marekani hununua au hukodi kompyuta nyingi kwa mara moja, huzitumia miaka kadhaa, kisha huziondoa zote kwa mkupuo, hata zile nzima kabisa. Nyingine hufika kwetu na kuuzwa sokoni Kariakoo kama mtumba mwingine: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Vumbi likipanguswa utakuta mashine iliyoundwa kufanya kazi kutwa nzima, yenye chuma kizito, mazabodi imara na prosesa ya Intel Core i5.

Watu huzidharau kwa sababu ya umri wake. Basi tuangalie ushahidi. GTA V ilipotoka kwa kompyuta Aprili 2015, Rockstar waliorodhesha vifaa walivyopendekeza ili gemu iende vizuri. Prosesa ya Intel waliyoitaja ni Core i5-3470, pamoja na RAM ya GB 8 na kadi ya GeForce GTX 660. Prosesa hiyohiyo ndiyo utakayoikuta ndani ya Dell OptiPlex 7010 nyingi za mwaka 2012. Mashine iliyokuwa ikipiga hesabu za mishahara huko ilikotoka ina ubongo uliopendekezwa na watengenezaji wa gemu wenyewe. Kilichopungua ni kadi ya picha tu.

Lakini si kila kesi itakufaa. OptiPlex huja kwa saizi tofauti. Iliyosimama, inayoitwa mini tower, inapokea kadi ya kimo cha kawaida. Ile nyembamba, SFF, inataka kadi fupi za low profile, ambazo ni adimu na kwa kawaida bei yake iko juu. Ile ndogo kabisa ya kiganjani, Micro, haina hata nafasi ya kuchomeka kadi. Wauzaji wengi watakupa ile nyembamba kwa sababu ni rahisi kubeba na ndiyo imejaa sokoni. Wewe subiri iliyosimama.

Wati 75 ndiyo mipaka yako

Hapa ndipo fedha za vijana wengi hupotea. Pawa saplai ya OptiPlex 7010 iliyosimama ni ya wati 275, na kwa kawaida haina waya wa ziada wa kulisha kadi ya picha. Kadi italazimika kupata umeme wote kupitia slotu yake kwenye mazabodi, na slotu ya PCI Express hutoa wati 75, basi. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo itakudai pawa saplai nyingine. Kwenye 7010 iliyosimama unaweza kuibadilisha, kwa sababu mazabodi yake hutumia plagi ya kawaida ya pini 24. Kwenye 9020 iliyofuata, Dell walibadilisha plagi ikawa ya pini 8 ya aina yao, kwa hiyo utahitaji adapta. Hizo zote ni gharama ambazo laki sita haizibebi.

Kwa hiyo tafuta kadi isiyozidi wati 75 na isiyo na tundu la waya wa ziada. Chaguo langu la kwanza ni GeForce GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016 ikiwa na kumbukumbu ya GB 4. Bora kuliko hiyo ni GTX 1650 ya mwaka 2019, ambayo nayo ina matoleo ya wati 75. Angalia tu ubavuni, kwa sababu baadhi ya matoleo yake yana tundu la pini 6. GTX 750 Ti ya wati 60 ni ya mwenye hela ndogo zaidi.

Usiidharau 1050 Ti kwa uzee wake. Riot, watengenezaji wa Valorant, wameitaja kadi hiyo kwenye vipimo vyao vya kupata fremu 144 kwa sekunde. EA waliiweka kama kiwango cha chini kabisa cha kuchezea EA Sports FC 24. Maana yake ni kwamba kwenye Valorant kadi si kikwazo, lakini kwenye soka ya miaka ya karibuni umefika ukingoni. Mpwa wangu nilimwonyesha hayo mapema, akakubali kucheza FIFA za nyuma.

Utakutana pia na RX 580, kadi yenye nguvu kuliko hizo zote na wakati mwingine bei yake inavutia. Ziko nyingi kwa sababu wachimbaji wa sarafu ya Ethereum walizitumia mchana na usiku, hadi Septemba 2022 mtandao huo ulipobadili mfumo na kadi zao zikakosa kazi. RX 580 inakula wati 185 na inahitaji waya wake. Kwa pawa saplai ya wati 275, iache.

Kipimo cha Kariakoo

Kadi ya mtumba hainunuliwi kwa maneno. Siku tuliyokwenda na mpwa wangu, muuzaji mmoja alitupa kadi safi, feni mbili nyekundu, stika imeandikwa GTX 1050 Ti 4GB.

"Kaka, hii orijino kabisa," alisema.

Niliigeuza nikaangalia matundu ya nyuma. Kulikuwa na HDMI, DVI, na tundu la bluu la VGA. Nikamnong'oneza mpwa wangu atazame tundu lile la bluu. Chipu za familia ya GTX 10 hazitoi kabisa mawimbi ya VGA, kwa hiyo 1050 Ti yenye tundu hilo inatia shaka hata kabla haijachomekwa. Tulimwomba muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake, nami nikafungua GPU-Z, programu ndogo ya bure niliyokwenda nayo kwenye flashi. Kwenye mstari wa jina ikaandika neno FAKE ndani ya mabano, na chini yake chipu ya GTS 450, kadi ya mwaka 2010. Mtu alikuwa amebadilisha programu iliyomo ndani ya kadi ili ijitambulishe kwa jina lisilo lake.

Kadi ya namna hiyo huwaka vizuri, huonyesha picha, na hata Windows huiamini. Tabu huanza gemu inapotafuta kumbukumbu ya GB 4 ambayo haipo: picha huchanikachanika, kompyuta hujizima. Mnunuzi atalaumu gemu, atalaumu Windows, kumbe alishauziwa jina.

Tulishukuru tukaondoka. Duka lililofuata lilikuwa na 1050 Ti ya kweli, ya feni moja, imechakaa stika. GPU-Z ilisoma chipu GP107 na kori 768, inavyotakiwa. Tukaiendesha kwa FurMark, programu ya kuipa kadi kazi nzito, kama robo saa tukitazama joto na kusikiliza feni. Haikukwama wala haikuonyesha madoa kwenye kioo. Hiyo ndiyo tuliyolipia.

Mashine yenyewe nayo ipime hivyohivyo. CPU-Z itakuambia prosesa iliyomo. CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Fungua kifuniko utazame kapasita kama zimevimba. Kisha dai risiti, na mwombe muuzaji aandike kwenye risiti hiyo jina la kadi na siku za garantii.

Hela ilivyogawanyika

Bei za mtumba hupanda na kushuka kila mzigo unapoingia, lakini mgawanyo wetu unaweza kukuongoza. OptiPlex 7010 iliyosimama, yenye i5-3470, ilikuwa shilingi 260,000. Kadi 200,000. SSD mpya ya GB 240 ilikuwa 75,000. Vijiti viwili vya RAM ya DDR3, kila kimoja GB 4, vilikuwa 40,000. Pesti ya prosesa, brashi na kebo ya HDMI vikamaliza 25,000 zilizobaki.

Vijiti viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa huvisoma vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwenye SSD tuliweka Windows na gemu anayoipenda zaidi. Diski ya zamani ya GB 500 iliyokuja na mashine tuliiacha ndani iwe ghala. FC 24 peke yake inataka GB 100, na kuishusha gemu kubwa kama hiyo kwa bando ni kuchoma hela. Ukiwa na rafiki mwenye gemu hiyohiyo kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, nakili folda yake kwa diski ya nje, kisha akaunti yako, iliyonunua gemu hiyo, iihakiki na kupakua kinachopungua tu.

Kioo hatukununua. Televisheni ya sebuleni ina HDMI, na dada yangu aliridhia itumike baada ya taarifa ya habari. Ukiwa na kioo cha zamani chenye VGA pekee, hesabu pia adapta inayobadilisha HDMI kuwa VGA.

Kabla ya kufunga kifuniko tulipuliza vumbi lote, tukaondoa pesti iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Kwa joto la Dar, hatua hii ya nusu saa si ya kuruka. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe, na mchezaji huona gemu imekuwa nzito ghafla.

Windows, umeme na mipaka

Ukweli mwingine nausema kabla ya mtu kulipa. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka rasmi prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. i5-3470 ni ya kizazi cha tatu. Microsoft wameweka mpango wa kuongeza masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 2026, nasi tumejiunga nao. Baadaye kuna Linux, ambayo ni bure, na Steam ina Proton inayoendesha gemu nyingi za Windows humo tangu 2018. Valorant na Fortnite hazikubali Linux, kwa hiyo mchezaji ajue mapema anapoteza nini. Mwenye uwezo wa kuongeza laki mbili au tatu atafute mashine ya kizazi cha nane, kama OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4. Windows 11 itakaa humo bila ubishi.

Kuhusu umeme wa LUKU, wazazi huogopa kuliko inavyostahili. Mashine kama hii pamoja na kioo, gemu ikiwa imekolea, inakula kama wati 180. Saa tatu ni nusu uniti na kidogo, yaani chini ya shilingi 200 kwa mteja wa kawaida anayelipa shilingi mia tatu hamsini na kitu kwa uniti. Hofu ya kweli ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Ukipata fedha nyingine yoyote, ya kwanza inunue UPS, kabla ya kipanya cha taa na kabla ya kiti.

Wazazi, msiichukie mashine hii kwa sababu imeitwa ya gemu. Kadi inayochora barabara za Los Santos kwenye GTA V ndiyo inayomharakishia mpwa wangu kazi zake za video, na kwenye mashine hiyohiyo ameanza kujifunza kuandika programu. Kijana aliyeifungua, akaipima na kuifunga kwa mikono yake ameshajua mengi kuhusu kompyuta kuliko wengi walionunua laptopu mpya.

Nanyi vijana, nendeni sokoni na flashi yenye GPU-Z na CPU-Z, mkajue wati za pawa saplai kabla ya kuuliza bei ya kadi. Muuzaji mwaminifu atakuchomekea kadi bila kununa. Anayekataa isipimwe, mwachie kadi yake.