Makunduchi Haianzi Mwaka Januari

Kila mwezi wa Julai unapoelekea ukingoni, picha za Makunduchi huzagaa: wanaume wakichapana kwa vikonyo vya migomba, kibanda cha makuti kikiteketea, kinamama wakizunguka na nyimbo zao katika kanga mpya. Maelezo yanayofuatana na picha nayo ni yale yale. Eti Mwaka Kogwa ni sikukuu ya watu kutoleana vinyongo. Eti ni kumbukumbu tu ya Uajemi iliyosahaulika kusini mwa Unguja. Mgeni akishagundua kwamba Nairuzi, kama mwaka huo unavyoitwa pia, ni jina la Kiajemi, hujiona kazi ameimaliza, kana kwamba kujua kitu kilikotoka ndiko kujua kinafanya nini. Vikonyo vya migomba nawaachia wenye kamera. Lenye maana zaidi katika siku ile halipigiki picha: ni siku ya kwanza ya hesabu, na hesabu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimwambia mkulima lini atie mbegu ardhini.

Mwaka wa Nairuzi una siku 365. Hugawanywa katika miongo 36, kila mwongo siku kumi, kisha zikabaki siku tano. Tuchukue kwamba Siku ya Mwaka imeangukia 23 Julai: mwongo wa kumi, yaani siku ya mia, utatimia mwisho wa Oktoba, vuli ikibisha hodi, na siku ya 240 itafika karibu na 20 Machi, mlangoni mwa masika. Watu wa pwani ni Waislamu na wana kalenda yao ya Hijra, lakini mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka hurudi nyuma siku kumi na moja hivi, na Ramadhani huzunguka misimu yote kwa takriban miaka 33. Kwa kalenda hiyo mtu hufunga na kufungua, lakini hawezi kuipandia bilingani. Ndipo zikawekwa hesabu mbili bega kwa bega, moja ya ibada na moja ya ardhi na bahari. Bahari naitaja kwa sababu: Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, alipoeleza nyakati za kusafiri kwa pepo za msimu alizitaja kwa siku za Nairuzi. Hesabu iliyoaminiwa kuvusha majahazi haikuwa ya mchezo.

Sasa tuje kwenye mbegu, maana hapo ndipo kalenda ya ukutani inapomponza mtu. Ushauri mwingi wa bustani ulioandikwa kwa nchi za baridi husema mboga zianze kuatikwa mwanzoni mwa mwaka, na msomaji huelewa Januari. Januari ya Unguja ni kiangazi. Kaskazi inavuma, udongo mwembamba wa maweni umekauka, na mche utakaoponea hapo kwa ndoo za maji utakutana na masika ukiwa bado mchanga, umwagikiwe na mvua zinazooza mizizi na kubeba tuta zima. Mwanzo wa mwaka wa Makunduchi ni mambo mengine. Masika yamekwisha, lakini chini bado kuna unyevu; kipupwe kimeleta ubaridi; manyunyu ya mchoo huja Julai na Agosti, haba lakini ya upole, yasiyoinua mbegu. Mwanzo huu wa mwaka, kwa mtu wa mboga, ni mwanzo kweli.

Tuchukue tungule. Zikiatikwa kitaluni katika siku za mwanzo za mwaka, chini ya kivuli chepesi cha makuti, hukaa hapo kama miongo mitatu mpaka mche ushike shina la kuweza kuhamishwa. Baada ya hapo huhitaji miongo sita hadi saba ili kuanza kuiva, kwa hiyo mchumo wa kwanza huja karibu na siku ya mia, kabla vuli haijashika. Aliyechelewa miongo mitatu tungule zake huiva ndani ya mvua, na ugonjwa wa bakajani hauna huruma na jani lililolala limelowa. Mchicha hauna masharti hayo. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo, zinang'aa na zinateleza, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu kiganjani ndipo zimwagwe, zisije zikarundikana pembe moja ya tuta. Hufunikwa kwa udongo wa kupapasa tu, hunyunyiziwa kwa kopo lililotobolewa matundu, na baada ya miongo mitatu mboga iko jikoni. Kunde hutiwa moja kwa moja katika vishimo vya udongo baina ya mawe, mahali ambapo jembe halipiti na mtu hutoboa kwa muo. Bamia na maboga hufuata. Katika yote haya kipimo kinachofaa ni siku kumi. Wiki ni fupi mno kwa mche na mwezi ni mrefu mno, na mwenye kuhesabu kwa miezi ndiye anayekumbuka kitalu miche ikiwa imeshakuwa mirefu kama fito.

Wapo watakaonipinga kwa hesabu yenyewe. Mwaka wa siku 365 hauna siku ya kuruka, watasema, kwa hiyo Nairuzi huteleza siku moja kila miaka minne, na kwa karne moja huachana na jua kwa siku 24 hivi. Ni kweli, na hoja hiyo ni nzito kuliko ya wanaocheka vibanda vya makuti. Lakini tazama kasi ya kuteleza: miaka arobaini ndiyo hutimiza mwongo mmoja. Mtu akirithi kwa babaye kwamba jambo fulani hufanywa mwongo wa tisa, ataona ukubwani mwake kwamba sasa linakaa vizuri zaidi mwongo wa kumi, na atamwambia hivyo mwanawe. Hesabu ya namna hii haidai kulifunga jua. Inampa mkulima mahali pa kuanzia, kisha inamwachia macho yake.

Wengine watasema mvua siku hizi hazina adabu, na kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika na wa vuli, basi miongo ya nini tena? Utabiri nausoma kwa heshima zote. Ila utabiri hueleza msimu unaokuja. Hauhesabu siku za mche ulioko kitaluni, wala haukumbuki mwaka juzi vuli ilianza siku ya ngapi. Kadiri mvua zinavyoyumba ndivyo mtu anavyohitaji mahali pasipoyumba pa kupimia kuyumba huko. Hata moshi wa kibanda, ambao watu huutazama umeelekea wapi, siusemei kwamba unatabiri. Lakini jamii inayokusanyika mara moja kwa mwaka kuangalia upepo unakotoka, katika kisiwa ambacho mvua zake zote huletwa na pepo, haijapotea njia.

Kuhusu wanaoita jambo zima ushirikina, nitasema kwa ufupi. Maombi ya mvyale, yule anayeongoza mila za siku hiyo, yajadiliwe na wenye elimu ya dini. Kuhesabu siku kumi kumi hakumwabudu yeyote. Huko Ghuba, katika Falme za Kiarabu na Omani, kuna hesabu inayofanana sana na hii, iitwayo durur: miongo 36 na siku tano, ikianza katikati ya Agosti nyota ya Suheli inapochomoza, na kwa hesabu hiyo wakulima hujua majira ya kupanda na wavuvi majira ya kutega. Nchi hizo hazina upungufu wa misikiti, wala wa mitambo ya kupima hali ya hewa, na bado durur zinatajwa.

Huku kwetu tumeshika kinyume. Kibanda kinajengwa kila mwaka na kuchomwa, wageni wanakaribishwa na kulishwa, ngoma hazilali, na hayo yote yatadumu kwa sababu yana watazamaji. Hesabu haina mtazamaji. Kijana wa Makunduchi anaweza kusimulia kogwa tangu alfajiri hadi magharibi, lakini ukimuuliza tuko mwongo wa ngapi atakutajia tarehe. Kijana huyo huyo, akiwa na pampu na pipa, huatika tungule mwezi wowote atakao, na hakosei: maji ya kisima yamemwondolea haja ya kungoja mchoo. Ila pampu haizuii mvua ya vuli kulowesha majani, na tungule aliyoiatika Septemba itaiva Desemba pale pale bakajani ilipo.